Sindano Niliyoiita Operesheni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "watanipasua" wakati daktari alisema "nitakuchoma sindano", na aibu yake bado inanifuata kila nikipita mbele ya kanisa letu hapa Mbunya.

Mimi ni fundi cherehani, nilijifunza peke yangu, na mshono ukipinda kidogo tu ninafumua wote (ndiyo maana kanzu ishirini za kwaya, nilizoahidi kwa Pasaka, zilikuwa bado mezani Pasaka ilipopita), na kila Maman Neema, mkubwa wa kwaya, alipokuja kuziulizia, nilimjibu ni mgongo. Mgongo uliuma kweli, miezi mingi, lakini kosa lote halikuwa lake. Sasa daktari akanieleza kwamba hakuna haja ya kisu: nilale kifudifudi, atazame mifupa kwenye picha, apitishe sindano nyembamba hadi karibu na mshipa unaouma, aweke dawa, nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Badala ya kufurahi nikaogopa. Malalamiko yote yale, kumbe dawa ni sindano moja? Nikamwambia Maman Neema ni operesheni.

Kwaya nzima ikafunga na kuomba. (Mimi nilikula.)

Siku yenyewe natoka kwa daktari na plasta ndogo kama ukucha, nawakuta wote uani mwa hospitali, wamekuja na machela, sufuria ya fufu (ugali wetu wa muhogo), na wawili wanalia.

"Ééé, weye unatembea?" Maman Neema akashangaa.

Hapo ningesema ukweli. Nikashika ukuta, nikajilaza kwenye machela, wanaume wanne wakanibeba barabarani huku wengine wakiimba polepole, nami nikiguna kila penye shimo (niliguna vizuri, sipendi kazi nusu nusu).

Karibu na soko, tairi ya lori lililotoka Komanda ikapasuka. Paa! Mnatujua: hata siku za utulivu masikio yetu hayaachi kusikiliza risasi. Machela chini, kila mtu mbio. Nilipojibanza nyuma ya duka la saruji, nikihema, niligundua nimefika wa kwanza. Wabebaji wakafuata, kisha Maman Neema, kiatu mkononi.

"Ni pneu tu, tairi ya lori!" mtu akapiga kelele.

Nikasubiri waseme ni muujiza (ningekubali, siwafichi). Maman Neema akainua shati langu, akatazama plasta.

"Kidonda ya kisu iko wapi?"

"Maman, ilikuwa sindano."

"Na mugongo yenye inakimbia hivi, mutoto yangu, inashindwa kushona kanzu?"

Wakacheka mpaka mwenye duka akatoka kutazama. Nilirudi kwa miguu, nyuma ya machela tupu. Fufu walikula wao.

Wiki mbili baadaye kanzu zote zilikuwa kanisani, moja ikiwa na mshono uliopinda, na sikuufumua. Mgongo haujapona kabisa, lakini ninaweza kukaa na kushona. Na siku hizi nikichelewa, ninasema nimechelewa.