Kifilipino cha Cato Manor

"Wapeleke watoto kwa bibi yao Ufilipino," shemeji aliniambia, amejilaza kwenye kochi langu, anakunywa soda yangu. "Lugha ya mama yao hutawafundisha, hata uishi miaka mia." Alikuwa kaka wa mke wangu, baharia, na kila meli yake ilipotia nanga Durban alikuja kwangu, mtaa wa Cato Manor, kunidharau.

Kinyozi wangu wa soko la Warwick, Mkongomani, naye alicheka. "Eish, papa! Hata Kiswahili kinawashinda batoto yako. Hicho Kifilipino utanunua kwa robot, pale taa za barabarani, pamoja na chaja za simu?"

Anayenicheka mimi, na ajiandae. Nilifika Durban kutoka Tanga na begi moja la mgongoni. Nilibeba mizigo mchana, nikasoma jioni, nikachukua stashahada ya usimamizi wa ghala, nikawa bosi wa stoo ya kiwanda kule Jacobs. Leo naandika haya nikiwa kwenye nyumba yangu Tanga, na haina deni.

Mke wangu alikuwa mpishi kwenye meli ya watalii. Nyumbani alipita tu. Alinipigia simu Kombe la Dunia lilipokwisha. Mama yake alikuwa anakuja mwakani, na alitaka kuondoka na watoto akawalee yeye. "Asipoweza kuongea nao, baba watoto, sitakuwa na neno la kumjibu."

Binti yetu alikuwa na miaka sita, mdogo wake minne. Kifilipino chao kilikuwa wimbo mmoja wa kulalia.

Kazi ilinipeleka bandarini kupokea mizigo, na huko nilikutana na mabaharia Wafilipino wakitafuta vocha za simu wawapigie watoto wao. Nikaanza kuwaalika Jumapili. Niliwapikia wali na samaki wa kukaanga, na siki ya vitunguu saumu kama mke wangu alivyonionyesha. Sharti lilikuwa moja: hakuna Kiingereza mbele ya wanangu. Watoto waliwapokea mlangoni kwa heshima ya kwao, unashika mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso wako. Kwa mtoto aliyezoea shikamoo, hilo halikuwa gumu. Baharia mmoja aligeukia ukutani akajifuta macho.

Siku za kazi niliwabana mwenyewe. Wali haukutoka kwenye sufuria mpaka uombwe kwa Kifilipino. Mdogo alilia siku ya kwanza. Sikumpakulia. Akaomba. Nami nilikaa nao mkekani nikajifunza kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Kinyozi nilimpelekea mtoto akanyolewe, pamoja na baharia mmoja. Wakapiga soga Kifilipino mpaka nywele zikaisha. Kinyozi alisahau kunidai pesa, na mimi sikumkumbusha.

Bibi alifika, shemeji yuko naye, mke wangu bado yuko baharini. Kabla ya chakula niliwaambia wanangu: leo ni Kiingereza tu mpaka niwaruhusu. Shemeji alikula, akashiba, kisha akamgeukia mama yake akazungumza kikwao, huku akinitabasamia. Watoto hawa ni kama viziwi, alisema. Baba yao ni mpagazi aliyevaa tai. Tuwachukue, atazaa wengine. Nilimwongezea samaki.

"Haya, mama," nikamwambia binti yangu. "Jibu."

Aliinuka, akashika mkono wa bibi yake, akauweka kwenye paji la uso wake. Akasema kwa Kifilipino, taratibu: "Bibi, sisi si viziwi. Mjomba anamtukana baba, na huku anakula samaki wake." Mdogo akadakia kwamba bibi atalala kitandani kwao, mjomba hapana.

Bibi aliangusha kijiko. Aliwavuta wote wawili kifuani, akauliza hili, akauliza lile, na kila alilouliza lilijibiwa. Shemeji aliitazama sahani yake.

"Shemeji," nikamwambia kwa Kiingereza, "mimi sijui lugha yenu. Hebu nitafsirie alichosema binti yangu."

"Si kitu. Utani wa watoto."

Mama mkwe alipiga meza kwa kiganja. "Watoto hawa hawaendi popote," alisema. "Na wewe, mtafsirie. Yote."

Akatafsiri, sauti chini. Alipofika kwenye samaki, akasita.

"Endelea," nikamwambia, kwa Kifilipino.