Nekesa hakufanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi

Bado haijaniingia. Jumamosi tumemzika rafiki yangu Nekesa kwao Kimilili, na hata leo asubuhi nilishika simu nikitaka kumwandikia.

Lakini sikuja hapa kulia tu. Nimekuja kwa sababu nina hasira, na nimechukua saa moja tu kwenye hii cyber ya Kitale. Nivumilieni.

Ile karatasi ya programu ya mazishi, ukurasa wa pili, imeandikwa hivi: "Marehemu alifanya kazi ng'ambo katika kiwanda cha chumvi." Kijiji kizima kimerudi nyumbani nayo.

Kiwanda cha chumvi! Jamani!

Nilikuwa nimepewa dakika tano za kuongea kama rafiki, nikajiambia nitarekebisha hapo. Mheshimiwa akaingia na msafara wake, akachukua maiki, akatuhubiria habari ya barabara na mbolea mpaka wingu likatanda. MC akanijia pole pole: "Mwalimu, tusamehe tu. Mvua ndio hiyo, na mwili lazima uingie."

Nikakunja karatasi yangu nikairudisha kwa mkoba.

Kwa hivyo nasema hapa. Nekesa alikuwa mwanasayansi. Alikuwa kwenye timu iliyotengeneza setilaiti ya kupima chumvi ya bahari kutoka angani.

Maji ya bahari hutoa mawimbi hafifu sana ya redio, na yenye chumvi nyingi huyatoa tofauti kidogo na yenye chumvi haba. Hako katofauti ndiko walikokuwa wanakawinda.

Sehemu yake yeye ilikuwa upepo. Upepo ukivuruga bahari, kipimo kinadanganya. Yeye alitafuta hesabu ya kuondoa huo uongo, na aliitafuta tangu amalize chuo.

Huyo ni msichana wa Kimilili, jamani. Tuliketi deski moja kutoka form one hadi form four, na bahari tuliijua kwenye atlasi.

Mara ya kwanza walipopitisha mitambo yao juu ya bahari kwa ndege ndogo, alitapika safari nzima. Akaniandikia: "Wambui, data imerudi safi kuliko mimi." Nilicheka mpaka staffroom yote ikageuka.

Kuna likizo yake moja alikuja kwa darasa langu hapa Kitale na mayai mawili na glasi mbili za maji. Kwenye glasi moja akakoroga chumvi. Yai la maji matupu likazama, hilo la maji ya chumvi likaelea.

Msichana mmoja akauliza, "Madam, na sisi wa mahindi, chumvi ya bahari inatuhusu nini?"

Nekesa aliruka kwa furaha. "Swali ndio hilo! Chumvi inafanya maji inakuwa nzito. Ile nzito inazama, ile nyepesi inabaki juu, bahari inatembea na inabeba joto. Mvua yako inaanzia huko, mama." Akaongeza kwamba setilaiti hiyo hiyo itapima pia unyevu wa udongo, hata huu wetu.

Mimi nilikuwa nyuma ya darasa nikisahihisha madaftari. Nilisikia nusu.

Mwaka huu setilaiti imekamilika. Imefungwa vizuri, imewekwa stoo, inangoja zamu ya roketi. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Nekesa akachukua leave: "Wacha nije nile mahindi ya kuchoma, huku nitawehuka."

Homa ya mapafu ikamchukua kwa siku nne, hospitalini Bungoma. Siku nne, mtu aliyengoja miaka yote hiyo! Nani nimuulize?

Jumapili nilirudi Kimilili nikiwa moto kabisa, nikamkabili kaka yake, Simiyu, aliyeandika ile programu. "Nani alikwambia kiwanda?"

Akashangaa. "Si ni wewe, Mwalimu? Nilikupigia tukiwa kwa kamati ya mazishi, nikauliza Nekesa alikuwa anafanya kazi gani huko. Ukasema, 'Ni mambo ya chumvi, nitakuelezea baadaye.' Sasa chumvi si inatoka kwa kiwanda?"

Ni kweli. Nilisema hivyo. Miaka yote hiyo alinieleza mimi, mwalimu wa fizikia, na siku niliyoulizwa nikaona ni maneno marefu.

Naona aibu kuyaandika haya.

Nikaingia jikoni kwa mama yake, nikaomba glasi mbili, mayai na chumvi. Nikaanza mwanzo. Mama akatazama yai likielea, akasema, "Kumbe ndio maana alikuwa ananimalizia chumvi."

Tukacheka, halafu tukalia.

"Na hiyo kitu yake," akauliza, "itapita huku kwetu?"

"Itapita, mama. Kila baada ya siku chache."

"Kaburi, itaiona?"

"Hapana, mama. Kaburi moja haiwezi kuiona. Itapima udongo wa Kimilili yote kwa pamoja, kama umelowa au umekauka."

Akafuta meza kwa leso yake. "Basi na udongo wake uko ndani."

Nekesa, nimebakiwa na dakika mbili. Wenzako wameniandikia kwamba kuna tarehe mpya. Mimi na tarehe zao tulishakosana, lakini nitangoja kwa niaba yako.

Siku namba ya kwanza ya udongo wa Kimilili itakapofika, nitaiandika ubaoni, na juu yake jina lako na kazi yako, yote kwa kirefu. Halafu nitampelekea mama.

Nisamehe kwa ile karatasi. Lala vizuri, mwenzangu wa deski.