Risasi Zilizopendwa na Bunduki ya Baba

Mwezi uliopita nilipanda Myamba, kijijini kwetu mlimani, kumzika shangazi. Matanga yalipokwisha, nikateremka peke yangu hadi palipokuwa na migomba ya baba. Hapana mgomba hata mmoja, ndugu yangu. Pamelimwa tangawizi. Nililia pale kilio ambacho hakikuwa cha shangazi, naye anisamehe.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa askari wa kulinda mashamba dhidi ya wanyama. Tuliishi juu mlimani, lakini shamba la mahindi la bibi, mama yake baba, lilikuwa chini Maore, na huko ndiko nyati na nguruwe pori walikokula jasho la watu. Serikali ilimpa baba bunduki nyepesi sana. Wenzake wenye magobore mazito walimcheka, eti hiyo ni fimbo ya kuchungia mbuzi. Baba aliwajibu, "Nyie pandeni na magogo yenu, tutaonana juu." Na kweli, wao walipofika hawana pumzi hata ya kuitikia salamu, yeye alikwisha kunywa uji.

Ila bunduki nyepesi ina madeko yake. Ilimpiga bega kwa nguvu kila alipofyatua, na mtutu wake mwembamba ulipata moto upesi, risasi zikaanza kwenda upande. Tena haikupenda kila risasi. Baba alisema ni kama mtoto mchanga, hujui chakula gani kitamkaa mpaka umlishe. Basi kila sanduku jipya lilijaribiwa kwanza. Alichora duara la mkaa kwenye mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, nyuma yake pana ukingo wa udongo, akapiga. Kisha alingoja mtutu upoe huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani, mwanzo hadi mwisho, ndipo apige tena. Sisi watoto tuliketi barazani na bakuli za makande, pua zimejaa baruti. Mwishoni niliitwa mimi, binti yake, niweke kiganja mgombani. Matundu yakifunikwa na kiganja changu, baba alicheka kwa sauti. Yakinizidi, sanduku lilirudishwa bomani Same.

Vita vile vikubwa vilipokuja, risasi zilizopendwa na bunduki yetu zikaadimika. Baba akarudi kutoka Same na za aina nyingine, vichwa vyake vizito zaidi. Alikuwa ndiyo kwanza anachora duara, jirani yetu akaja mbio kutoka Maore. Nyati yumo kwenye mahindi ya bibi! Mwaka ule mvua zilikuwa haba, na hatukuwa na kingine cha kutegemea.

"Ngoja nizijaribu kwanza, mama," baba alisema.

"Mwanangu, risasi ni risasi," bibi akamjibu. "Mpaka umalize miluzi yako, watoto watakula nini?"

"Haya, mama." Akaweka mkaa chini, akaenda.

Jirani ndiye aliyetusimulia. Baba alilenga bega la nyati kama siku zote, lakini zile risasi nzito zilishuka, zikamjeruhi mguu. Nyati aliyejeruhiwa hana msamaha. Alimwangusha baba, akamkanyaga, kisha akakimbilia porini. Jioni wanaume walimpandisha baba kwa machela ya miti, na mama alianza kupiga mayowe kabla hawajafika uani, maana aliona bunduki imebebwa na mtu mwingine.

Tulimzika baba, na bunduki ikarudishwa bomani. Mahindi yalipona, tukayavuna, tukayala mwaka mzima. Bibi hakuyaonja. Alijichemshia magimbi yake pembeni, wala hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi kuliko lawama.

Sasa wote wamekwenda, mama, bibi, ndugu zangu, na shangazi naye. Kati ya waliousikia mluzi ule nimebaki peke yangu, na nikiwaambia wajukuu habari za kungoja mtutu upoe, wananitazama tu.

Bibi alilitaja jambo lile mara moja tu, mimi nikiwa nimekwisha kuolewa. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi.

"Baba yako alikuwa mtoto msikivu," akasema. "Tangu utoto wake hakuwahi kunikatalia neno. Laiti angenikatalia siku ile."