Kwenda Lubumbashi Kumtafutia Shemeji Kompyuta ya Kurukia

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, maana safari yenyewe ni ya treni na treni yetu haikuwa na haraka. Nitakusimulia jinsi nilivyotoka Kamina kwenda Lubumbashi kutafuta kompyuta, wakati ule wa Zaire ambapo wengi wetu tulikuwa hatujaiona hata moja. Kama na wewe hujawahi kuigusa, usiogope. Mimi nilikuwa fundi wa redio tu. Nitakueleza kila kitu pale tutakapokifikia.

Sababu ya kuondoka ilikuwa mume wa dada yangu. Shemeji Ilunga alikuwa rubani katika kituo cha kijeshi cha Kamina, mpaka alipoumia mgongo na madaktari wakamwambia hataruka tena. Kila asubuhi alitoa kiti nje akakaa akitazama upande wa uwanja wa ndege, hata kama hakuna ndege iliyotarajiwa. Hakuwa mkali, wala hakuanza pombe. Alikuwa anafifia tu, kama redio ambayo betri zake zinakwisha.

Kisha mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akifanya kazi kituoni akarudi kwao, akamwachia zawadi: boksi lenye disketi za mchezo wa kurusha ndege, pamoja na kijiti cheusi cha kuongozea. Kompyuta hakumwachia. Basi Shemeji akawa anakaa na kile kijiti mapajani, waya wake ukining'inia bila kuingia popote. Alifumba macho. Mkono wake ukainama kushoto, ukarudi, ukainama kulia, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Angalia shemeji yako," dada yangu Mbuyu aliniambia jikoni. Kwetu ndege ya chuma tunaiita ndeke. "Iko naendesha ndeke ya upepo. Mi nacheka, kisha nalia."

Mbuyu alikuwa na mtaji wa samaki wakavu, na hakuwa na kitu kingine. Akaamua utumike wote.

"Ukileta mashine mubaya, hakuna ingine," akasema. "Weye njo fundi. Wende." "Njo" ya kwetu ni "ndiyo" ya wengine.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa stesheni ya Kamina na begi moja, disketi zikiwa zimefungwa ndani ya shati langu safi na kijiti juu yake. Nilisafiri na Mama Ngoie, mshirika wa dada yangu katika biashara, mzaliwa wa Kinkondja kwenye ziwa Kisale. Samaki tungewanunua Bukama. Siku zile mtu mwenye akili hakwenda mjini na noti, kwa sababu noti zilipoteza nguvu njiani. Samaki mkavu alifika na thamani yake.

Treni ilipoanza kukokota miguu kati ya mashamba ya mihogo, Mama Ngoie akaniuliza ndani ya kompyuta mnakaa nini. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Kuna ubongo, ambao kazi yake ni kuhesabu. Kuna kumbukumbu, ambayo ni kama meza ya kazi: meza ikiwa ndogo, unaweka kitu kimoja, unakiondoa, ndipo unaweka kingine. Kuna diski ngumu, ambayo ni ghala. Halafu kuna kioo, ambacho hakifikiri chochote, kinaonyesha tu.

"Na mucheso ya Ilunga?"

Nikamwambia mchezo wa ndege ni mzito kuliko barua za ofisini. Ndege ikiinama kidogo tu, ubongo lazima uchore dunia yote upya: ardhi, barabara, nyumba, mbingu. Kabla hujapepesa jicho, lazima ichorwe tena, na tena. Ubongo ukichelewa, dunia inasimama.

Mama Ngoie alifikiri. "Pole yake," akasema. Alikuwa akiihurumia mashine.

Bukama tuliukuta mto Lualaba umelala chini ya mwanga mweupe, na mitumbwi ikisogea juu yake kana kwamba inateleza ndani ya maziwa. Matenga ya samaki yalikuwa yamepangwa karibu na reli. Hapo nikaona tena desturi ambayo nimekua nayo bila kuifikiria. Kwenye tenga, muuzaji huweka samaki wazuri juu. Mnunuzi hawatazami. Anakunja mkono wa nguo, anaingiza mkono hadi chini kabisa, anatoa samaki wa huko, anamvunja mkia na kumnusa. Ndipo bei inaanza. Muuzaji akikuzuia mkono, unaondoka, na hakuna anayekuita.

"Mama Ngoie, unatafuta nini mule? Pete ya ndoa?" mvuvi mmoja akamtania, mkono wa mama ukiwa umezama tengani hadi begani.

"Natafuta aibu yako," akajibu. Hakuipata. Matenga yakapakiwa.

Baada ya daraja la Lualaba nilisinzia. Niliota treni yote imeinuka kutoka kwenye reli, na abiria wanaendelea kumenya karanga bila wasiwasi, na chini yetu vinamasi vya Upemba vimetandazwa kama kitenge. Shemeji Ilunga alikuwa mbele, lakini kila nilipotaka kuuona uso wake, picha ilisimama. Nilipoamka tulikuwa tunapanda kuelekea Tenke na hewa ilikuwa ya baridi.

Lubumbashi, samaki wakauzwa asubuhi tuliyofika, na Mama Ngoie akanisukuma barabarani kabla noti hazijapoa. Duka la kwanza lilikuwa na vioo vipana na feni. Mwenye duka, amevaa abakosti, lile koti la Zaire lisilovaliwa na tai, lililopigwa pasi vizuri, alitukaribisha akitazama kanga ya Mama Ngoie iliyonuka samaki.

"Sitwayeni, sitwayeni, karibuni. Munatafuta kitu gani?" "Sitwayeni", yaani raia, ndivyo tulivyoitana enzi zile.

Nikamwonyesha boksi la mchezo. Akatuongoza kwenye mashine yenye kioo kikubwa cha rangi, akachomeka kijiti changu, akaingiza disketi. Muziki ukalia. Ndege nyekundu ikatokea, imekaa kwenye uwanja wa kijani chini ya mbingu ya buluu, buluu ambayo sikuwahi kuiona hata Julai ya kiangazi. Nilimwona Shemeji mbele ya buluu ile. Nikauliza bei, na bei ilikuwa karibu yote tuliyokuwa nayo. Mkono wangu ukaenda mfukoni.

Mama Ngoie akanishika kiwiko.

"Hii njo samaki ya juu," akasema. "Ya chini iko wapi?"

Nilicheka, kisha nikatazama kioo tena. Ndege ilikuwa bado imesimama. Ubongo wa mashine ile ulikuwa haujafanya kazi yoyote. Nikamwomba mwenye duka aniruhusu niruke hadi mjini, penye nyumba nyingi, nijaribu na kutua.

"Kwa nini, sitwayeni? Si imeonekana ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Ndiyo maana."

Nikapaa. Juu ya nyasi ilikwenda vizuri. Lakini nyumba za kwanza zilipotokea, dunia ikaanza kushikwa na kwikwi. Nikainamisha kijiti, hakuna kitu. Kisha picha ikaruka ghafla, ikasimama, ikaruka. Kutua hakukuwezekana. Nilianguka katikati ya mji ambao ulikuwa bado haujamaliza kuchorwa. Mwenye duka akasema mchezo wangu una ugonjwa. Boksi lilisema mashine ya namna ile inatosha, ni kweli, na hapa nikuambie jambo: boksi linaposema "inatosha", maana yake mlango utafunguka. Halisemi kwamba ndani utaweza kukaa.

Mchana, katika mtaa wa Kamalondo, tukaelekezwa kwa mtu aliyeitwa Papa Kasongo. Alikuwa mchoraji wa ramani za mashimo ya mgodi katika ofisi moja iliyofungwa, nao wafanyakazi walipewa vifaa badala ya mshahara wa mwisho. Yeye alipewa mashine yake. Ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, imefunikwa kitambaa cha mshono kama mgeni aliyelala. Alipoifunua, Mama Ngoie alisonya. Ilikuwa na mikwaruzo, na kioo chake kilikuwa kidogo.

"Rangi hakuna," Papa Kasongo akasema mapema, kama mtu mwaminifu. "Ni nyeupe, nyeusi na kijivu, basi. Lakini ubongo iko wa nguvu, na kuna kabongo kengine pembeni, ka kusaidia mahesabu. Ilichora mistari yangu muchana muzima. Haikuniuliza kupumzika."

Nikatazama nyuma, nikaona tundu la kijiti lipo. Nikanakili disketi kwenye diski ngumu, na nafasi ikabaki. Nikapaa. Sikungoja mtu aniambie: nikaenda moja kwa moja mjini, nikashuka kati ya maghorofa, nikazunguka, nikarudi. Maghorofa ya kijivu yalipita pembeni yangu laini kama watu wanaotembea. Nikainama, dunia ikainama. Nikatua vibaya, lakini nilitua.

Bei ilikuwa ile ile ya dukani. Nikakaa na mikono juu ya meza, nikashindwa kuamua. Nitampelekeaje rubani mbingu isiyo na buluu? Dada yangu atasema nini akiona kioo hiki kidogo, kilichomeza samaki wake wote?

"Unaogopa nini, mutoto yangu?" Mama Ngoie akaniuliza.

Nikafumba macho ili nifikiri. Na nilipofumba, nikamwona Shemeji kitini, kijiti mapajani, mkono ukiinama kushoto, ukirudi, ukiinama kulia. Na yeye alikuwa amefumba macho. Hakuwa akitafuta buluu. Alikuwa akitafuta kuinama.

"Nachukua," nikamwambia Papa Kasongo. Akaifunika mashine kwa kile kitambaa cha mshono, akakataa tukirudishe.

Kurudi, tuliifunga mashine ndani ya blanketi, tukaiweka chini kabisa ya tenga, juu yake tukajaza nguo kuukuu za kuuza, tulizonunua kwa noti zilizobaki, ili isivutie macho. Mpango ulikuwa mzuri mahali popote pengine. Lakini stesheni moja kabla ya Kamina akapanda askari wa ukaguzi, na alikuwa mtu wa kwetu. Hakuzitazama nguo za juu. Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono hadi chini.

"Mama," akasema polepole, "hii manguo yako iko na mbavu."

Kama askari angeichukua mashine, yote yangekwisha: samaki wa dada, na tumaini la kumwondoa Shemeji kwenye kile kiti cha asubuhi. Nikatoa kijiti begini nikamwambia ukweli, kwamba mashine ni ya Ilunga wa kituoni, yule wa mgongo.

Askari akakishika kijiti. "Ilunga? Alinirudisha na ndeke toka Kalemie siku ya msiba wa mama yangu. Kulikuwa mvua mingi." Akakiinamisha kidogo kushoto, akanirudishia. Kisha akachagua shati moja, la juu, akashuka.

Nyumbani, Mbuyu aliitazama mashine kwa muda mrefu. "Hii?" akasema. "Njo hii?" Nilisubiri umeme utulie, nikaunganisha waya, nikachomeka kijiti, na Shemeji akasogeza kiti chake. Uwanja wa kijivu ukatokea.

Hakugusa chochote kwanza. Kisha akasema, "Ukungu."

"Shemeji, kioo hakina rangi, nilikuta kingine lakini..."

"Ukungu ya Juni," akasema, "asubuhi, mbele jua haijatoka. Mi napenda ile saa."

Akapaa. Hakwenda mjini. Aligeuza ndege, akaruka mbali na nyumba zote, hadi pale ramani ya mchezo inapokwisha na wachoraji wake hawakuweka kitu, ardhi tupu tu isiyo na mwisho. Mkono wake ulikuwa unainama na dunia ilikuwa inainama pamoja nao, bila kwikwi hata moja.

"Mbuyu, kuja," akamwita mke wake. "Hii njo Lualaba. Tunafuata maji. Ile pale Kisale."

Dada yangu akavuta kigoda, akakaa begani pake, akatazama uwanda mtupu. "Na Kinkondja?"

"Ngoja. Nashuka kidogo, uone mitumbwi."

"Usishuke sana," akasema Mbuyu. "Samaki wameanikwa."

Kesho yake asubuhi kiti hakikutoka nje mapema.

Nilichojifunza ni kidogo, nawe unakiweza. Ukienda kununua kompyuta kwa ajili ya mchezo mzito, beba mchezo wako mwenyewe na kijiti chako. Uanzishe mbele ya muuzaji, usikae kwenye picha ya kwanza, nenda hadi mahali penye nyumba nyingi, na ukae hapo hadi utue. Kisha ndipo utie mkono mfukoni.