Pichi za Maxine

Harlan Vosburg, jirani yangu hapa mjini Saginaw, alichomelea vyuma maisha yake yote ya kazi, lakini tunda hakujua kulichagua. Dukani yeye alikuwa wa kusukuma toroli. Akithubutu kunyoosha mkono kwenye pichi, mkewe Maxine alimchapa kikofi cha mzaha: "Toa mikono yako ya chuma hapo! Utatuletea mawe."

Kisha Maxine akaanza kusahau. Kwanza sufuria jikoni, baadaye majina ya wanawe, mwisho uso wa mumewe. Alipotoka nje kwenye theluji na gauni la kulalia, watoto wakasema sasa basi, akapelekwa nyumba ya kutunzia wazee. Huko akakataa chakula. Kiangazi kilipofika, alichotaja ni kitu kimoja tu: pichi.

Harlan akanunua. Maxine akauma, akatema. "Ngumu!" Akanunua tena, safari hii nje laini, ndani unga mtupu.

Siku moja nilimkuta dukani ameinamia rundo la pichi, anazibonyeza kwa kidole gumba. Mama mmoja mnene aliyekuwa kando yake akashindwa kuvumilia.

"We mzee! Hiyo ni pichi, si tairi. Unapima upepo?"

"Natafuta iliyoiva, dada. Ni ya mgonjwa."

Yule mama akanywea. Akamsogelea. "Wekundu usikudanganye, huo ni wa jua tu. Tazama hapa kwenye kikonyo. Pakiwa kijani, iache. Haya, inuse. Isiponukia, haina utamu."

Harlan akafumba macho, akanusa. Alikaa hivyo mpaka machozi yakamtoka. "Jikoni kwetu kulikuwa kunanukia hivi," akasema.

Mchana ule ule akamkatia mkewe vipande vidogo. Maxine akala, maji yakimchuruzika kidevuni, akacheka kama msichana.

"Hizi kachagua mtu anayejua," akasema. "Mume wangu, maskini, hajui hata kidogo."

"Unampenda lakini?"

"Sana. Ila siku hizi haji. Sijui nilimkosea nini."

Harlan akamfuta kidevu. Maxine akamtazama kwa huruma. "Na wewe una mke, baba?"

"Ninaye."

"Basi usizimalize zote hapa. Mpelekee moja."

Jioni hiyo alikaa kwenye ngazi za mlango wangu akinihadithia, pichi mkononi, hajui aipeleke wapi.

Aliendelea kumpelekea hadi msimu ukaisha. Kabla ya Krismasi Maxine akazidiwa. Harlan alikuwa amemshika mkono, naye Maxine anamwita Harlan.

"Mimi hapa, mpenzi."

"Hapana, wewe ni yule wa matunda. Niitie mume wangu."

Harlan akamwachia mkono taratibu. Akatoka, akafunga mlango, akasimama kwenye korido akilia. Kisha akafuta uso, akabisha hodi, akaingia upya.

"Maxine, nimefika."

"Umechelewa," akasema Maxine, akimpa mkono.

Akafa kabla hakujapambazuka.