Tairi la Mbele Lililogeuzwa

Kuna watu, nimesikia, wanaonunua pikipiki kubwa za gharama ili wakati wa likizo wapande milima na kuvuka matope. Wanasoma vitabu kuhusu matairi kabla ya kuondoka. Sina ugomvi nao. Lakini nikiwafikiria, nakumbuka kwamba kwetu, kati ya Masisi na Walikale, tairi halikuwa jambo la likizo. Askari mmoja alilisoma tairi langu vibaya, na mdogo wangu wa kike akalipia kwa mkono wake wa kuandikia.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alikufa vita viliporudi mara ya pili mlimani kwetu, na mama akamfuata baada ya miezi michache, kambini Lushebere, kwa ugonjwa ambao kwingine watu hawafi nao. Waliacha watoto wanne, shamba na pikipiki. Shamba hatukuweza tena kulifikia. Pikipiki ikabaki. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilifunga madaftari yangu kwa kamba, nikayaweka juu ya kabati, nikaanza kubeba watu na mizigo: motard, tunavyomwita kwetu mwenye kuendesha moto, yaani pikipiki. Sikulia. Niliwaambia wadogo zangu kwamba mmoja wetu akiacha shule, wengine watatu hawataiacha. Nililisema mara moja tu na sikulirudia.

Pikipiki ilikuwa na injini ya kutosha. Shida ilikuwa chini. Barabara yetu si barabara moja. Ukitoka Kirotshe, kandokando ya ziwa, unakuta mahali pagumu na changarawe. Ukipita Sake na kuanza kupanda kwenda Masisi, unakuta udongo unaonata kama ugali mbichi. Ukiendelea upande wa Walikale unaingia msituni: maji, mizizi, magogo yaliyolazwa juu ya vijito. Tairi laini, lile lenye mistari tu, linakwenda vizuri kwenye ugumu na linakuangusha kwenye udongo kabla hujatamka jina lako. Tairi la meno linaushika udongo, lakini mawe yanayala meno yake kama mahindi, na kwenye lami yenye mvua linateleza.

Matairi nilinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, mtu mzima, mwenye rozari iliyotundikwa juu ya mafuta ya injini. Hakuuza pine, kama tunavyoliita tairi kwetu, kabla ya kuuliza.

“Muteja yangu, unataka pine ya kwenda fasi gani?”

“Masisi na Walikale, Papa.”

“Njo maana nauliza. Pine ya fasi zote mbili haijazaliwa. Chagua fasi yenye unaogopa zaidi.”

Nilifikiria. Nikamwambia ninaogopa mteremko ulio kabla ya Lushebere, ule mrefu wa udongo mwekundu.

“Basi meno nyuma, meno mbele. Na kwenye mawe utaenda pole pole kama bibi harusi.”

Nikayachukua mawili ya meno. Meno hayo yamepangwa kama herufi V, na ubavuni mwa tairi kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Nilipeleka pikipiki kwa kwado, kama tunavyomwita kwetu fundi wa kuziba matundu. Aliweka tairi la nyuma kufuata mshale. La mbele akaligeuza, mshale ukatazama nyuma.

“Kwado, umekosea,” nikasema.

“Nikosee miye? Ile ya nyuma inasukuma. Ile ya mbele, kwenye muteremuko, haisukumi kitu, inazuia. Ukikamata breki, V inapashwa kukula matope, haipashwi kuyateleza. Uliza motard yeyote wa hapa kama anaweka mbele kwa mushale. Atakucheka.”

Alisema kweli. Siku hiyohiyo niliteremka ule mteremko na kwa mara ya kwanza gurudumu la mbele lilinisikia. Tangu hapo sikuwahi kuliweka namna nyingine, na waendesha pikipiki wote niliowafahamu upande ule walifanya vivyo hivyo katika miezi ya mvua. Halikuwa siri. Ila ni jambo ambalo mtu asiyeendesha hawezi kulijua.

Mdogo wangu anayenifuata alifika mwaka wa mwisho wa sekondari. Ulibaki mtihani wa Serikali, Exetat, ambao bila huo miaka yote sita ni kama hukusoma. Mwaka ule vita vilisogeza tarehe hadi mvua iliporudi. Kituo cha mtihani kilikuwa Masisi mjini, na sisi tulikuwa tumetoka kambini na kuishi juu, upande wa kwenda Walikale. Mpango wetu ulikuwa atangulie siku mbili mapema na kulala kwa watu wa parokia, lakini kwa siku hizo mbili risasi zililia bondeni na njia ikafungwa. Ikafunguliwa asubuhi yenyewe ya siku ya kwanza. Mlango wa mtihani ukifungwa haufunguliwi kwa mtu yeyote. Aliyekosa siku ya kwanza anarudi mwaka unaofuata, kama mwaka unaofuata utakuwepo.

Tuliondoka kulipopambazuka. Alivaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akaweka kalamu mbili na kadi yake ya mtihani ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga tumboni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hakuna aliyekuwa ametutangulia, udongo ulikuwa safi kama ubao uliofutwa. Kwa hiyo alama zetu ndizo zilizokuwa pekee.

Tulipofika kwenye kizuizi cha askari, juu kidogo ya ule mteremko, mti ulikuwa umelazwa njiani. Askari mmoja alitupita, akarudi nyuma kwa miguu hadi kwenye kona tuliyoizunguka, akainama. Akaita wenzake. Wakainama wote. Siku hiyo hawakuniomba pesa kama kawaida yao, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Mkubwa wao akaja kwangu.

“Mwenzako iko wapi?”

“Mwenzangu nani, chef?”

“Usinifanye mupumbafu. Hapa kumepita moto mbili. Moja inashuka, moja inapanda. Ile yenye kupanda imeenda kwa waasi. Njo mulipitana. Iko wapi?”

Nikaelewa. Njiani, mahali palipo sawa, gurudumu la nyuma linafuta alama ya lile la mbele. Kwenye kona yanaachana, alama mbili zinaonekana kando kwa kando. V ya nyuma ilitazama upande mmoja na V ya mbele ilitazama upande wa pili. Macho yao yaliona pikipiki mbili, moja inakwenda, nyingine inarudi.

Nikamweleza. Nikamwonyesha mshale. Nikamwambia habari ya breki na mteremko. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto aliyevunja chungu.

“Miaka ngapi niko jeshini?” aliniuliza. “Miye nasoma njia. Weye unataka kunifundisha njia?”

“Chef,” mdogo wangu akasema, “niko na Exetat leo. Tafazali.”

“Weye kaa kimya. Utaandika akishasema mwenzake iko wapi.”

Ningependa niandike kwamba niliogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini lililokuwa kubwa zaidi ni hasira. Watu hawa walikuwa wameshinda siku mbili bondeni wakipigana na watu ambao hata hawakuwaona, kisha asubuhi wakamkuta adui kwenye tope, akiwa ametengenezwa na pikipiki ya yatima mmoja. Na adui huyo asiyekuwepo alikuwa anamnyima mtoto mwaka wake.

Nikamwomba anipe nafasi niendeshe mbele ya macho yake. Alidhani nataka kukimbia. Mdogo wangu akashuka, akasimama katikati yao mwenyewe, bila kuambiwa.

“Atarudi,” akasema. “Hajawahi kutuacha.”

Niliendesha polepole mahali pa wazi, nikazunguka kulia, nikazunguka kushoto, nikarudi. Wakaja kuangalia. Palikuwa na alama mbili, V mbili zikipeana mgongo, na pikipiki moja ikinguruma pembeni.

Kijana mmoja wa jeshi akacheka kwanza. “Chef, huyu motard anaenda na anarudi pamoja!”

“Anaenda kazini na anarudi nyumbani saa ileile,” mwingine akasema, na wote wakashikana mabega kwa kicheko.

Nilidhani tumemaliza. Mtu akionyeshwa ukweli chini ya miguu yake mwenyewe, anasema pole, au hata bila pole, anainua mti. Lakini mkubwa hakucheka. Walikuwa wamemcheka yeye, si mimi, na alilijua hilo.

“Muzungu mwenye kutengeneza pine aliandika mushale,” akasema. “Weye njo unamupita akili? Geuza. Pine yenye kudanganya haipite kwa bariera yangu.”

“Chef, muteremuko iko palepale mbele yetu. Nikigeuza, tutaanguka.”

“Geuza.”

Nikatoa pampu na miiko ya chuma ya kubandulia tairi. Kugeuza tairi si kugeuza gurudumu tu, unatoa gurudumu, unalitoa tairi lote kwenye chuma, unalilaza upande wa pili, unarudisha mpira wa ndani bila kuubana. Mdogo wangu alikunja mikono ya blauzi yake nyeupe akashikilia mwiko mmoja. Nilimkataza. Akaniambia, kwa jina tunalomwitia ndugu mkubwa, “Yaya, mikono minne ni mbio kuliko miwili.” Askari walikaa juu ya ule mti wakituangalia, na mmoja akatushauri namna ya kupampu. Ninayakumbuka hayo yote, hata ule ushauri.

Waliinua mti. Chini kulikuwa na mteremko.

Nilishuka kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao maishani. Miguu yote miwili chini, gia ya kwanza, breki nikiigusa kwa ncha ya vidole. Nilijua tangu mwanzo. Katikati ya mteremko, pale njia inapokunja, niligusa breki na lile gurudumu la mbele likafanya hasa nililowaambia kwamba litafanya: halikuuma chochote, likateleza kama sabuni sakafuni. Pikipiki ikalala. Mimi nilianguka upande wa shimo. Yeye aliweka mkono chini kujizuia, mkono wa kulia.

Alipoinuka alikuwa ameushika mkono huo kwa ule wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Nilifungua mdomo, sijui nilitaka kumlaani nani kwanza.

“Yaya, usiseme kitu,” akasema. “Inua moto. Twende.”

Nilikata kipande cha mpira wa ndani uliochakaa, nikamfunga kifundo. Tukapita Lushebere, tukapita kambi ambamo mama alikufa, hatukugeuza vichwa. Tulifika shuleni msimamizi akiwa ameshika mlango aufunge. Alimtazama mtoto huyu wa matope toka shingo hadi viatu, akatazama mpira mweusi mkononi.

“Kadi?”

Akatoa kadi, ikiwa safi kabisa ndani ya plastiki.

“Ingia. Weye njo wa mwisho.”

Mlango ukafungwa nyuma yake. Nikakaa ukutani pamoja na wazazi wa wengine. Baada ya muda nikatoa tena miiko, nikatoa gurudumu la mbele. Baba mmoja aliyekuwa pembeni, mkulima mwenye jembe lake begani, akanisogelea.

“Kaka, pine imetoboka?”

“Hapana, Papa. Ilikuwa muzuri. Waliniharibia.”

Wakati wa kurudi nyumbani ningekuwa napanda, na kwenye kupanda upande wa tairi la mbele hauna kazi kubwa. Ningeweza kuliacha kama alivyoamuru. Lakini mtihani ni siku nne, na siku ya nne ningeteremka tena kumchukua. Nikaligeuza, mshale ukatazama nyuma kama kwado alivyoniachia.

Mdogo wangu alipotoka nilimwuliza, “Umeandika?”

“Nimeandika pole pole. Swali la mwisho sikulifikia.”

Nilimwacha kwa watu wa parokia. Alifaulu mtihani ule, niseme hapa ili msomaji asingoje, lakini kwa alama ndogo, na kwa alama hizo hawakumpokea kusomea udaktari alikotaka. Leo anafundisha. Anafundisha vizuri. Anasema hana kinyongo. Mimi ninacho, na sioni kwa nini nikiache. Mtu aliyemfundisha mdogo wangu kuridhika na alama ndogo hakuwa mwalimu, alikuwa mtu mmoja aliyeona aibu kucheka pamoja na wenzake.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima, nilipanda peke yangu hadi kwenye kizuizi. Walinisimamisha. Yule kijana aliyecheka asubuhi akaenda moja kwa moja kwenye kona, akainama, akarudi akimtazama mkubwa wake. Mkubwa akaja, akainama mbele ya gurudumu, akaweka kidole juu ya mshale.

“Umegeuza tena.”

“Njo, chef,” nikakubali.

Nilijua anaweza kuichukua pikipiki. Nilijua pia kwamba sitaligeuza tena, hata akinikalisha pale mpaka siku ya nne. Nadhani alitaka wenzake wacheke upande wake safari hii, maana alisimama akasema kwa sauti:

“Na mwenzako iko wapi?”

“Nimemuacha Masisi,” nikamjibu. “Anaandika na mukono yenye kuvimba.”

Hakuna aliyecheka. Yule kijana akaenda kuinua mti bila kungoja amri.