Mto Uliokwishafika

Nilikaribia kumwacha mume wangu Ujerumani. Tulikodi, sisi wawili na mama yangu, gari lenye vitanda na jiko ndani, tukawa tunaufuata Mto Mosel polepole, mizabibu ya milimani imeshageuka manjano. Lakini kila jioni, wingu likionekana tu, mume wangu hukataa kuegesha ukingoni. Hutupandisha mlimani, vikombe vyangu vinagongana kabatini.

Huyu amezaliwa Ibra, mji wa jangwani. Kwao bonde ni wadi, kavu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha huko majabalini, maji hushuka kwa ghafla na watu hupiga kelele, "Wadi imekuja!" Gari lililoachwa humo ndilo basi tena.

Siku ya nne niligoma, nikaegesha mwenyewe kando ya maji. Asubuhi mvua ikaanza. Mume wangu alikuwa keshavaa viatu, funguo mkononi. Mama yangu, aliyekulia kando ya mto huko Bara, alikuwa anakaanga mandazi, wala hakugeuka.

"Mwanangu, huu si wadi. Huu hauji. Ulishakuja zamani, ukakaa."

Mume wangu aliutazama mto kutoka mlangoni mpaka chai yake ikapoa. Kisha akavua viatu.